Jina la Mtoto Aliyerudishwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa uji. Nilimpelekea mke wangu, Nyamizi, kituo cha afya, nikamkuta mbele ya kompyuta ya wauguzi, tumbo limegusa meza. Aliniashiria ninyamaze, alikuwa akijibu maswali ya somo la mtoto anayezaliwa bila kupumua. Uchungu ulimshika kabla hajauonja uji.

Wauguzi walikuwa watatu, yeye akiwa mmoja wao. Kabula, mdogo wao, akisoma somo mara moja analishika lote. Modesta ana mikono isiyotetemeka. Nyamizi alikuwa na kauli: akisema, watu hutenda. Ndiye aliyewabembeleza wenzake wajifunze wenyewe kwa kompyuta. Modesta alimjibu, "Nimemzalisha mama, nikamzalisha na bintiye. Hilo kabati la picha litanifunza nini, mwanangu?"

Mtoto wetu alitoka kimya. Nyamizi naye akaanza kuvuja damu. Sindano haikuizuia, gari la wagonjwa lilikuwa bado njiani, na Modesta alimkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili.

Kabula alilijua somo neno kwa neno. Lakini alipomwekea mtoto kipumulio, kile kifuko cha kuminya chenye barakoa ya usoni, hewa ilipotelea pembeni. Mikono yake haikuwahi kufanya alichokisoma.

Nyamizi aliona. "Dada Modesta, niache. Nenda kwa mtoto." Modesta akakataa. Nyamizi akarudia, kwa kauli ile ile.

Modesta akamwachia, akashika kipumulio. Hakujua aanzie wapi. Kabula akamwelekeza, inua kidevu kidogo, bana pembeni, minya taratibu, huku mikono yake mwenyewe ikilikandamiza tumbo la Nyamizi. Kifua cha mtoto kikapanda. Akalia.

Mikono ya Kabula haikutosha. Nyamizi alikisikia kilio kile, na hakusikia kingine.

Kwetu, mtoto aliyerudishwa kutoka kifoni hupewa jina la aliyemrudisha, na jina ni moja. Kabula alisema bila mikono ya Modesta maneno yake yangekuwa upepo. Modesta aliniambia, "Langu usimpe, baba. Mimi ndiye niliyemwachia mkeo." La Nyamizi sikujua kama ningeweza kuliita kila siku, aitike mwingine.

Baada ya mazishi mama mkwe aliniuliza, "Mkwe wangu, mtoto ataitwa 'huyu' mpaka lini?"

Asubuhi iliyofuata nilimpakata binti yangu, Kabula na Modesta wamekaa mkekani, nikainamisha mdomo sikioni mwake.

Nanyi mnaonisikiliza, mngetamka jina la nani?