Darasa la Kukana Kando ya Chemchemi

Hapo zamani, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango na vizingiti, wakipigiana hodi na kukaribishana, palikuwa na kilima cha mawe. Chini ya kilima hicho palikuwa na chemchemi.

Maji yake yalitoka ndani ya jiwe, baridi na matamu. Bi Pimbi na wenzake wadogo ndio walioitunza. Waliondoa majani yaliyooza, wakazoa tope kwa kucha zao, wakazibua mdomo wa jiwe kila mvua zilipokwisha. Na sheria ya kilima ilikuwa moja tu: chemchemi ni ya anayeitunza.

Kikaja kiangazi kikali. Bwana Nyati na Mzee Kiboko walikuwa na mto wao mpana, lakini walipoyaonja yale maji baridi, wakayapenda. Wakaizungushia chemchemi boma la miiba, Nyati akalala mlangoni.

"Hodi, Bwana Nyati," akasema Bi Pimbi.

"Hodi ya nini?"

"Maji kidogo tu. Mwanangu ana homa."

"Mhh! Nani hapa hana mtoto? Nenda zako."

Mtoto huyo alikuwa kitinda mimba wake. Aliitwa Mashavu, kwa sababu alizaliwa na mashavu ya kujaa. Sasa yalikuwa yamebonyea. Bi Pimbi alimlambisha umande wa asubuhi, na umande wenyewe ulikuwa ukipungua.

Shauri likapelekwa kwa Korongo. Ndege huyo hakuwa na chemchemi wala mto huku. Alikuja kila mwaka kutoka nchi za baridi, kisha akarudi, na kwa kuwa hakuwa wa upande wowote, wanyama wote walikuwa wameapa kuifuata hukumu yake, na Tembo ndiye aliyeitekeleza. Ila Korongo alisikiliza mashauri kwa Kiingereza. Kiswahili alijua neno moja tu, nanyi mtalisikia.

Na kilima kizima, aliyejua Kiingereza alikuwa Bi Pimbi peke yake. Alikulia kwenye mawe ya nyuma ya shule ya watu, chini ya dirisha, akasikiliza masomo mpaka yakamkaa kichwani.

Nyati akamwita. "Korongo yuko njiani. Utatufundisha Kiingereza."

"Si afadhali niwatafsirie tu, Bwana Nyati?"

"Unitafsirie! Nisimame mbele ya umati na pembe zangu hizi, halafu nisemewe na kitu kama wewe? Wataniona mjinga."

"Basi mnataka kusema nini?"

"Tunataka kukana," akasema Mzee Kiboko. "Kwamba hawa wadogo hawaitunzi chemchemi hii. Hawajawahi kuitunza kamwe. Wala hawaitegemei."

Bi Pimbi akainamisha kichwa. "Na mwanangu?"

"Kila somo, ganda moja la konokono, limejaa maji," akasema Nyati. Kisha akapiga ukwato chini, tu! "Lakini ukitufundisha uongo, nitakukanyaga."

"Nitawafundisha kweli tupu," akasema Bi Pimbi.

Somo likaanza pale pale kando ya boma. Bi Pimbi alikuwa mwalimu mwangalifu. Hakupenda kuruka jambo.

"Sikilizeni. Sisi tukikana, tunakana ndani ya neno lenyewe. Wenye Kiingereza wana neno la kukana linalosimama peke yake, mbele ya kitenzi. Na liko jingine, neva. Hilo linakana jana, leo na kesho kwa pamoja. Ukilichukua hilo, lile la kwanza liache nyumbani. Hayakai pamoja."

"Neva!" akasema Kiboko. Neno lilimpendeza. Lilimjaa taya zote mbili. "Neva! Neva!"

"Vizuri, Mzee. Tena, vitenzi vyao vingine haviendi peke yao. Kitenzi chao cha kutegemea kina kineno kinachokifuata nyuma, kama ndama na mama yake. Cha kutunza nacho kina ndama wake. Ukimwacha ndama njiani, mama hafiki. Hata unapokana, usimsahau ndama. Haya, semeni nami."

Wakasema naye. Sauti zao zikatikisa miiba.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Bi Pimbi akamtazama Kiboko. Hrooo... hrooo... Mzee alikuwa amelala. Macho yamefumbwa, pua inatoa mapovu, na bado mdomo ulikuwa umejibu.

Akamgeukia Nyati. "Bwana Nyati, hayo uliyoyasema maana yake nini?"

Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto. Ngozi ya shingo ikamcheza. "Maana yake... ni nzuri."

Bi Pimbi hakucheka. Akalichukua ganda lake la maji, akapanda mawe polepole asimwage hata tone.

"Mama, mbona umenyamaza?" akauliza Mashavu.

"Nafikiri, mwanangu. Kunywa."

Mtoto akanywa, akalamba ganda ndani na nje. "Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

Siku iliyofuata Bi Pimbi akasimama mbele ya wanafunzi wake. Alijua ukubwa wa ule ukwato.

"Leo nimebadilisha neno moja, la mwanzoni," akasema. "Nani ameliona?"

"Mimi!" akasema Nyati upesi.

"Lipi?"

"Si hilo... la mwanzoni."

"Na maana imekuwaje?"

"Imekuwa tamu zaidi."

"Mzee Kiboko?"

"Tamu, tamu sana. Kuliko jana."

Bi Pimbi akavuta pumzi. "Wazee wangu, asiyeelewa aseme. Hapa darasani hakuna aibu. Mtu aseme tu, mwalimu, sijaelewa, nami nitamweleza kila neno mpaka mwisho."

Kiboko akamwangalia Nyati, Nyati akamwangalia Kiboko. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Kwa hiyo mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Bi Pimbi akawauliza vivyo hivyo kila somo. Jibu halikubadilika.

Korongo akafika. Akatua juu ya jiwe, akakunja mguu mmoja, akasimama kwa ule mwingine. Wanyama wakajaa mpaka bondeni. Bi Pimbi alimbeba Mashavu mgongoni, na kichwa cha mtoto kilikuwa kikilala upande.

Korongo akawaelekezea wale wakubwa mdomo wake. Waanze wao.

Nyati akatoa kifua mbele. Kiboko akasafisha koo, grhm! Wakasema kwa pamoja, kwa Kiingereza safi, neno la kukana mahali pake na kila ndama nyuma ya mama yake:

"Sisi hatuitunzi chemchemi hii. Hatujawahi kuitunza kamwe. Wala hatuitegemei."

"Lo!" umati ukashangaa. "Kumbe wamesoma!"

Kiboko, kusikia sifa, akaongeza la kwake: "Neva! Neva!"

Korongo akakunjua mguu. Alikuwa hakimu wa haki, hakutaka kuwahukumu kwa neno lililowaponyoka. Akawapa ishara warudie. Wakarudia, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Ndipo akainama, akawatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akatoa lile neno lake moja la Kiswahili:

"Mmeelewa?"

Upepo ulisimama, wanangu. Bi Pimbi alifumba macho. Neno moja tu lingetosha kumwangusha: hapana. Lakini kulisema kulimtaka Nyati akiri mbele ya kilima kizima kwamba hajui alichokisema.

"Ndiyooo, mwalimu!"

Korongo akapiga mdomo wake, ta-ta-ta-ta! Akatamka hukumu. Tembo akamtazama Bi Pimbi ili aitafsiri, naye akaitafsiri: "Wamekiri wenyewe. Chemchemi ni ya wanaoitunza. Boma liondolewe."

Tembo akaing'oa miiba, kracha! kracha! Bi Pimbi hakungoja. Akakimbia, akamweka Mashavu kwenye mdomo wa jiwe. Mtoto akanywa, akapumzika, akanywa tena.

Nyati akaja nyuma yao, macho mekundu, ukwato umeinuka. "Umetudanganya!"

Bi Pimbi hakuondoka mbele ya mtoto wake. "Neno lipi lilikuwa la uongo, Bwana Nyati? Mnaitunza? Mmewahi kuitunza? Mnaitegemea, na mto mnao?"

Ukwato ukabaki hewani. Kisha ukashuka taratibu.

Kesho yake alikuja peke yake. Akasimama mbali kidogo, akiwa ameinamisha pembe.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, Bwana Nyati. Una kiu?"

"Nina kiu, ndiyo. Lakini..." Neno lilikuwa zito kuliko kichwa chake. "Yale tuliyoyasema jana. Sijaelewa."

Bi Pimbi akamsogezea nafasi kwenye maji. "Sasa tunaweza kuanza somo," akasema.

Nanyi, wanangu, kumbukeni hili kabla hamjaenda kulala: anayeona aibu kusema "sijaelewa" huwaachia wengine kinywa chake wakisemee wapendavyo.