Kiti Kilichopigwa Marufuku

Hapo zamani, si zile ambazo wanyama walisema bali zile ambazo mihuri ilisema, palikuwa na Halmashauri ya Mbwelela. Halmashauri ilikuwa na uwanja wa michezo, uwanja ulikuwa na nyasi, na nyasi zilikuwa na Nyamizi.

Nyamizi alizifyeka kwa fyekeo miaka kumi na tisa. Alikuwa kibarua wa muda. Muda wenyewe unaisha lini, hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku moja ikaletwa mashine ya kukata nyasi. Si ile ya kusukuma, jamani. Ni ile ya kupanda juu kama trekta, ina usukani, ina taa, ina kiti kilichofungwa nailoni. Mkurugenzi, Bwana Rwegoshora, akaizunguka mara tatu, akaenda ofisini, akatoa waraka: "Ni marufuku mtu yeyote kukalia kiti cha mashine hii kabla hakijakaliwa na mgeni rasmi siku ya uzinduzi." Waraka ukapigwa mihuri miwili, ukabandikwa kwenye usukani.

Kisha akaongeza kwa mdomo: "Lakini ijaribiwe, isije ikaniumbua Jumamosi. Atakayeiwasha ndiye mwendeshaji wake. Ajira ya kudumu, barua mkononi, pensheni uzeeni. Nafasi ni moja." Akamtazama Nyamizi. "Na ikishawaka, fyekeo lirudi stoo."

Nyamizi akaelewa. Mwingine akiiwasha, kibarua chake kimeota nyasi, na hata nyasi hizo hatazikata yeye.

Jumatano akaja Fundi Chilongani, wa gereji ya halmashauri, mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Akasimama kando ya mashine, maana kukaa ni marufuku. Akazungusha ufunguo. Kimya.

"Betri imekufa," akasema. "Imekaa bohari tangu bajeti ya mwaka juzi."

Akaifungua, akasugua vichwa vyake kwa msasa, akaichaji kutwa nzima, akairudisha. Taa zikawaka mbili, nyekundu kama macho ya mlevi. Akasimama kando, akazungusha ufunguo. Kimya.

Mkurugenzi akaunda Kamati ya Kubaini Chanzo cha Kutowaka. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikabaini kwamba mashine haiwaki.

Ijumaa akaja Sikudhani, mtunza stoo, msichana mwenye shahada aliyekuwa "anajitolea" mwaka wa nne sasa. Akaja na kitabu cha maelekezo, ambacho kilifungiwa kabatini kwa kuwa kilipigwa muhuri wa SIRI.

"Fundi, visu vimeachwa vimewashwa. Rudisha hicho kishikio chini. Na breki lazima ikanyagwe."

"Nikanyage vipi nami nimesimama huku?"

"Ngoja." Akapiga magoti, akaibonyeza breki kwa mikono miwili. Fundi akasimama kando, akazungusha ufunguo. Kimya.

Jumamosi ikafika. Maturubai yamefungwa, vipaza sauti vinakoroma, mgeni rasmi yuko njiani. Mkurugenzi jasho linamtiririka hadi kwenye tai.

"Jaribuni tena! Mnaniua!"

Sikudhani akapiga magoti, akabonyeza breki. Fundi akasimama kando, akashika ufunguo. Nyamizi, aliyekuwa akifyeka kingo za uwanja tangu alfajiri, akatupa fyekeo chini, akapanda mashine, akakaa. Nailoni ikalia chwaa!

"Wewe mama! Shuka! Hujui kusoma?"

"Najua, Bosi. Ila mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, na sijaona kitu cha halmashauri kikianza kazi kabla kiti hakijapata mtu. Fundi, zungusha."

Fundi akazungusha. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikanguruma. Nyamizi akaweka mguu kwenye breki, akaiachia, akashusha visu, akauzunguka uwanja mzima, akarudi. Nyuma yake nyasi zimelala kama mkeka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Fundi akasema: "Bosi, barua ni yangu. Bila betri niliyoifufua, mama huyu angekalia chuma baridi mpaka kiama."

Sikudhani akasema: "Ni yangu. Visu na breki nilivigundua mimi. Na habari ya kiti nilikuwa naijua tangu Jumatatu, iko ukurasa wa kumi na moja: mashine haiwaki kiti kikiwa kitupu. Ila kiti kina waraka, Bosi, nami ni mtumishi mtiifu. Nilikuandikia dokezo la kuomba ruhusa. Liko kwenye trei yako, chini ya magazeti."

"Ulijua, ukatuacha tuhangaike hivi?" Fundi akafoka.

"Nilifuata utaratibu, kaka."

Nyamizi akasema: "Fundi alikuwa na nguvu, binti huyu alikuwa na elimu, na mashine ikanyamaza vilevile. Nimeiwasha mimi, tena kwa kuhatarisha mkate wangu. Nanyi ni vijana, mtapata pengine. Mimi nikitoka hapa natoka na kiuno kibovu."

Mkurugenzi akatoa barua, nafasi ya jina iko wazi. Akiandika Chilongani, amemwajiri aliyeshindwa siku tatu. Akiandika Sikudhani, amemtuza aliyenyamaza. Akiandika Nyamizi, ameukanyaga waraka wake mwenyewe, mihuri miwili.

"Mama, shuka kwanza tuzungumze," akabembeleza.

"Nikiinuka inazima, Bosi. Muulize dada, ukurasa wa kumi na moja."

"Wa kuzima ni wa kumi na mbili," Sikudhani akasahihisha.

Ving'ora vikasikika barabarani. Mkurugenzi akaiinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena, akageuka kuwatazama watu kana kwamba miongoni mwao yumo mwenye jibu.

Basi msinitazame mimi, watazameni hao watatu. Na msikawie, maana tangi lilitiwa lita mbili tu, nyingine zinasubiri kibali. Je, ni jina la nani liandikwe kwenye barua ile?