Vya Uani Havina Kibali

Bwana Mfaume, tajiri wa malori pale Muheza, alikuja kununua nyumba ya Bi Sikudhani, akaikagua huku amekunja pua.

"Huku uani umejengajenga bila kibali, bibi. Nikisema neno halmashauri, watakuja kupaka alama nyekundu ya kubomoa. Nanunua vyumba vya mbele tu, vyenye kibali."

"Na vya uani je?"

"Vyote takataka. Sivinunui."

"Basi yaseme hayo mbele ya mjumbe wa mtaa, mwanangu, yasije yakaleta maneno."

Mfaume akayasema, wakaandikiana, akahamia na makochi yake. Alfajiri, pilau ya kuhamia ikamsokota tumbo. Alikimbilia uani, akakuta choo kina kufuli, na Bi Sikudhani kaketi mlangoni pa chumba cha nyuma anakunywa chai.

"Fungua choo, mama, nakufa."

"Choo nacho nilikijenga bila kibali, mwanangu. Hukukinunua."

"Nitakushtaki halmashauri."

"Nenda. Wakishakibomoa, utachutama wapi?"

Mfaume akabana miguu. "Haya, navinunua vyote. Taja bei."

"Kwanza tumsubiri mjumbe aamke," alisema Bi Sikudhani, akajimiminia kikombe cha pili.