Mwaja na Shamba la Kujikwaa

Sogeeni. Mwenye sikio alitege, mwenye usingizi akalale kwa mama yake. Zamani hiyo ninayoisema, wajukuu zangu, milima ilikuwa haijapewa majina. Mimi sikuwepo, wala aliyenisimulia hakuwepo. Lakini Mwaja alikuwepo.

Mwaja alikuwa mke kijana katika Mhelo, nchi kavu ya mtama, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuuliza. Kwa nini mtungi hutoka jasho? Kwa nini mbuzi hupiga chafya asubuhi? Mumewe, Chilewa, alikuwa mpole. Alijibu maswali mawili kwa siku, la tatu akachukua fimbo akaenda zake machungani.

Watu wa Mhelo walikuwa na desturi. Mbegu zilikaa kwa mama mkwe, ndani ya kibuyu, juu ya meko. Mvua ikikaribia, mama mkwe alijitwika mtungi wa maji akalivuka shamba la mke wa mwanawe, miguu peku, bila kutazama chini. Asipojikwaa, mbegu zilitolewa. Akijikwaa, hakuna mbegu mwaka huo, na aibu juu. Basi wanawake wa Mhelo walisawazisha mashamba, wakayafagia, wakayafagia tena, mpaka ungeweza kuyalalia bila mkeka. Mnacheka. Ngojeni.

Kwanza mvua ilinyesha polepole, na shamba laini halikumdhuru mtu. Kisha mvua ikabadili tabia. Ikawa inakuja siku moja kwa hasira, halafu jua siku ishirini. Maji yakateleza juu ya mashamba yale laini, yakaenda zake korongoni. Mwaka wa kwanza mtama ukafa. Mwaka wa pili ukafa. Watu wakaanza kufunga mizigo kwenda kuomba hifadhi kwa ndugu wa mbali. Mbeleje, mama mkwe wa Mwaja, alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu. Hicho kikipotea, nyumba yao nayo inahama.

Mwaja akaenda kulitazama shamba lake lililokufa. Akaona mashina sita mabichi, yamesimama kwenye mstari: moja, hatua, jingine, hatua. Mabichi, wajukuu zangu, katikati ya makavu. Nani angeondoka hapo bila kujua sababu? Wewe, labda. Mwaja alipiga magoti akachokonoa kwa kidole. Kila shina lilikuwa ndani ya kishimo, na chini ya kishimo udongo ulikuwa na unyevu. Zilikuwa alama za kwato. Ng'ombe aliyetoroka zizini alipita pale siku ya mvua.

Alipomuuliza Chilewa, alijibiwa kwamba ng'ombe amepita, basi. Alipomuuliza Mbeleje, aliambiwa mashimo shambani ni uvivu wa mwanamke. Mdomo wa Mwaja ukanyamaza, moyo haukunyamaza. Akamwaga kata ya maji kwenye ardhi laini, akamwaga nyingine kishimoni. Kesho yake akatia kidole. Kesho kutwa akatia kidole, na siku zilizofuata. Kwenye ulaini, vumbi. Kishimoni, unyevu. Akashika jembe. Akachimba, akatia samadi, akachimba, akatia samadi, mpaka nusu ya shamba ikajaa mashimo. Msidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Lakini alichimba.

Siku ya kuvuka ikafika. Majirani wakajipanga ukingoni. Mbeleje akajitwika mtungi, akavuka nusu ya kwanza shingo juu. Akaingia nusu ya pili. Hatua moja, hatua mbili, mguu ukazama, mtungi ukaanguka ukapasuka, na bibi mzima akakaa chini mbele ya watu.

Hakuna aliyecheka. Mbeleje akasema kwa sauti ndogo, "Mbegu ya mwisho, mke wa mwanangu. Nawe umenifanyia hivi."

Mwaja akapiga magoti. "Nisamehe, Mama. Lakini kabla hujainuka, tazama maji yako."

Mbeleje akatazama. Yaliyomwagikia upande laini yalikuwa yameshakimbia, hayaonekani. Mengine yalijaa kishimoni, yakinywewa taratibu na udongo. Bibi akatia kidole.

"Unyevu huu hudumu siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja, Mama. Nimezihesabu."

Mbeleje akatoa nusu ya kibuyu, ikapandwa mashimoni. Nusu nyingine akairudisha juu ya meko, maana hakuwa mjinga.

Mvua ikaja siku moja kwa hasira, halafu jua siku ishirini. Mtama wa majirani ukakauka. Mtama wa Mwaja ukanywea, ukainamisha majani, lakini haukufa. Ghala halikujaa, asikudanganye mtu. Lakini walikula, wakapata mbegu ya mwaka uliofuata, na hawakuhama. Mwaja alilia kwa furaha, na Mbeleje akajifanya moshi umemwingia machoni.

Majirani wakaja kuomba mbegu, wameinamisha vichwa. Mbeleje aliwapokea mlangoni, kwa heshima zote, akawaambia, "Mbegu ipo. Chimbeni kwanza. Nitakuja na mtungi wangu, na shamba nitakalolivuka bila kujikwaa, mwenyewe hapati hata punje."

Basi, wajukuu zangu, desturi ya wazee ishikeni. Lakini mvua ikibadilika, iulizeni desturi yenu maswali, nanyi msione haya kuchimba mahali ambapo mama zenu walifagia.

Hapo ndipo nilipokiokota kisa, na hapo nakiweka. Atakayekitaka akichukue, akakipande kwake.