Swali la Nane

Waliohudhuria kikao walikuwa wanne: Mkuu wa Shule, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi; Rula, mwalimu wa hesabu; Kipenga, mwalimu wa michezo; na Mwalimu wa Taaluma, ambaye wenzake walimwita Taaluma tu. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na asubuhi ile ngoma iliyowambwa mezani ilikuwa swali la nane la mtihani wa hesabu.

Swali hilo lilikuwa na alama kumi. Mashine ya kuchapia ilikuwa imekata ukingo wa karatasi na kumeza kipimo kimoja cha mchoro. Rula, aliyesimamia chumba cha kwanza, aliliona kosa na kukiandika kipimo ubaoni. Chumba cha pili, alichosimamia Kipenga, hakikuambiwa kitu. Watahiniwa wake waliukodolea macho mchoro ule kilema mpaka kengele ikalia.

"Mwalimu mwenzangu, hata kugonga ukuta ulishindwa?" Kipenga alifoka.

"Kanuni ni kanuni. Msimamizi hatoki chumbani."

"Nani kakwambia utoke? Ukuta si uko humo humo ndani!"

Mkuu hakucheka. Nje, watahiniwa walikuwa wamefurika barazani na karatasi zao zilizosahihishwa, wakingoja uamuzi, na minong'ono yao ilipenya dirishani kama mvumo wa nyuki.

"Swali libaki," alisema Rula. "Wanangu walilijibu kwa akili zao."

"Lifutwe kwa wote! Tuhesabu alama juu ya tisini, kisha tuzigeuze ziwe asilimia."

"Ili waliolipata wanyang'anywe jasho lao?"

"Na wangu walionyimwa kipimo, wale wapi?"

Binti wa pekee wa Taaluma alikuwa amefanyia mtihani chumba cha pili. Alipata hamsini na tatu, na katika swali la nane aliambulia sifuri. Chuo cha uuguzi, alichokiota tangu utotoni, kilitaka sitini kamili. Rula akishinda, angebaki na hamsini na tatu. Kipenga akishinda, angefika hamsini na tisa. Taaluma hakuhitaji karatasi kulijua hilo; tarakimu zilikuwa zimemganda kichwani kama kupe.

Alikohoa kidogo. "Waheshimiwa, kosa ni letu, si la watoto. Kila mtahiniwa apewe zile alama kumi. Aliyelipata swali hapungukiwi, aliyelikosa hadhulumiwi."

Maneno yalimtoka laini, yamepangika kama shanga uzini. Hakusema kwamba binti yake angepata sitini na tatu.

Rula alijikuna kidevu. "Hapo wangu hawapotezi kitu. Nakubali."

"Nami pia," alisema Kipenga, akimpiga Taaluma begani. "Umetutua mzigo, bwana! Na bintiyo leo atakupikia kuku mzima!"

Alitania tu, lakini utani ule ulimchoma Taaluma kama mwiba wa samaki kooni. Mkuu alivua miwani polepole.

"Kwani mtoto alikuwa chumba gani?"

"Cha pili, Mama."

"Na kumi hizi zitamfikisha anakotaka?"

Taaluma aliinamisha kichwa. Angeweza kusema hajui. Dirishani aliiona kofia ya sweta ya bintiye miongoni mwa vichwa vingine.

"Zitamfikisha," alijibu. "Nilimpigia yeye hesabu kwanza, ndipo nikatafuta hoja. Yuko mtoto aliyeliacha swali wazi chumba cha kwanza, ilhali kipimo alikiona. Huyo naye tumzawadie kumi? Msiihesabu kura yangu."

"Basi tufanyeje?" Mkuu aliuliza.

"Kila mtoto apigiwe hesabu mara mbili: pamoja na swali, na bila swali. Apewe iliyo kubwa. Waliolijibu watalinda jasho lao, na waliokoseshwa hawataadhibiwa kwa kosa letu. Lakini hakuna atakayepewa kumi za bure."

Rula na Kipenga walitazamana. Safari hii pia hakuna aliyebisha.

"Na bintiyo?" Kipenga alinong'ona.

"Hamsini na tisa."

Mkuu aligonga meza. "Imepita. Nenda ukawatangazie mwenyewe."

Taaluma alitoka nje barazani. Minong'ono ikakatika. Aliieleza njia ile hatua kwa hatua, kama aelezavyo somo jipya, asimtazame mtu. Alipomaliza, binti yake alikuwa angali anahesabu kwa vidole. Kisha vidole vikasimama.

"Baba, imebaki moja tu," alisema kwa sauti nyembamba.

"Najua, mwanangu. Uamuzi ni huo, na ni wa wote," alijibu. Kisha akawageukia watahiniwa. "Nanyi mjue kwamba mimi pia niliivuta. Mwamba ngoma, hata awe mwadilifu namna gani, ngozi huivutia kwake."