Mji Uliokosa Jina

Wenzangu, leo nina kesi lakini sina hakimu. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha nitawaachia ninyi hukumu.

Katika nyika ya Kirembwe waliishi watu watatu wa nyumba moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Nyamawi, mjane mchunga mbuzi, alijua kusoma majani. Akitazama nyasi zilivyokauka, aliweza kukwambia chini yake kuna udongo, mchanga au jiwe. Kaka yake, Chengo, alikuwa mchimba visima. Aliingia ardhini akatoka hai pale ambapo wengine walifukiwa. Na mke wa Chengo, Mbeyu, alikuwa mfinyanzi. Ukimpa kigae cha chungu, hata akiwa amefumba macho, alikipapasa akakutajia watu waliokifinyanga.

Mwaka huo mvua iligoma. Na balaa haliji peke yake: Mwinyipembe, mtawala wa nchi, aliitamani nyika ile iwe malisho ya ng'ombe wake. Akaja na askari, akawakusanya watu wa Kirembwe.

"Ardhi hii haina mwenyewe," akasema. "Ninyi ni wakuja. Mwezi ukiandama, nisimkute mtu hapa."

"Tuhamie wapi, mwinyi?" akauliza Gohu, mkuu wa kijiji. "Huku jangwa, kule maadui. Na sisi si wakuja. Wazazi wetu walituambia kwamba mababu walijenga mji hapa hapa, ukafunikwa na mchanga."

Mwinyipembe akacheka. "Mji hauliwi na mchwa. Kama upo, nionyesheni."

Akaenda zake. Kijiji kikawa kama chenye msiba. Wengine walianza kufunga mizigo, wengine wakakaa tu vizingitini, kwa sababu mtu hufunga mzigo akiwa na pa kwenda. Nyamawi aliwatazama wanawe, akaitazama njia ya jangwani, akajua wasingefika popote.

Kila alfajiri aliwafungia mbuzi zizini, akaingia nyikani peke yake kuutafuta mji wa mababu. Alizunguka huku jua likimchoma utosi, siku baada ya siku, midomo ikimpasuka. Mwisho, akiwa amekata tamaa, alipanda juu ya kichuguu ili apumzike. Akatazama chini. Nyasi zote zilikuwa za manjano, lakini kulikuwa na mahali zilipokufa kabisa, nyeupe kama majivu. Tena zilikufa kwa mistari iliyonyooka, mingine ikakatana na mingine, ikafanya pembe.

"Majani hayafi kwa mstari," akajisemea. "Chini kuna mkono wa mtu."

Akakimbia hadi nyumbani kumwambia kaka yake. Lakini alipofika zizini alikuta kimya. Mbuzi walikuwa wamevunja ua kutafuta maji, wakala mmea wa sumu, wakafa wote. Mbuzi hao ndio waliokuwa maziwa ya wanawe. Mdogo akamshika nguo: "Mama, leo tunakunywa nini?" Nyamawi akambeba, akaenda naye kwa Chengo kumweleza ile mistari.

Chengo naye akachukua jembe lake, akaenda kwenye ile mistari. Alichimba mpaka jembe likalia juu ya jiwe. Likatokea jiwe la kuchongwa, na jingine ubavuni mwake, ukuta mzima, kisha barabara, kisha lango. Watu wakaangua kilio. Wazee waliipapasa ile miimo ya lango kama mtu anayempapasa mwanawe aliyerudi kutoka vitani.

Mwinyipembe akaitwa. Akatembea katika barabara ile, uso umemkunjamana. "Ukuta hujengwa hata na mgeni tajiri, kisha akaondoka," akasema. "Mwenye nchi ni aliyewasha moto wa kwanza. Huyo yuko wapi?"

Basi Chengo akaingia chini ya ukuta. Chini ya jumba la mawe akakuta nyumba ya udongo. Chini ya nyumba ya udongo akakuta mashimo ya nguzo za kibanda. Kadiri alivyoteremka, ndivyo wale watu wa kale walivyozidi kuwa maskini, hadi wakawa maskini kama yeye. Mchanga nao ulikuwa mkavu kama unga.

"Kaka, toka!" Nyamawi akamwita akiwa ukingoni. "Mchanga unatiririka!"

"Nikitoka, dada, tutaenda wapi?"

Akaendelea kuchimba. Punde sauti ikapanda kutoka shimoni: "Nimefika! Kuna mafiga, na majivu yake! Vuteni kikapu!"

Wakavuta. Ndani mlikuwa na chungu kidogo, kimeungua matakoni. Kikapu kilipofika juu tu, ardhi ilinguruma, shimo likajifunga. Walifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Chengo walimpata, lakini pumzi yake hawakuipata.

Mbeyu hakupewa nafasi ya kulia. Mwili wa mumewe ukiwa bado umelazwa pale, alikichukua kile chungu, akakifuta kwa nguo yake, akakipapasa shingoni. Palikuwa na alama ya dole gumba, imebonyezwa kisha ikavutwa kidogo. Akaweka dole gumba lake mle, likakaa.

"Hivi ndivyo alivyonifundisha mama," akasema, "na mama alifundishwa na bibi. Udongo huu ni wa bonde letu. Aliyewasha moto wa kwanza ni mtu wetu."

"Wewe ni mfinyanzi," Mwinyipembe akamwambia. "Nani atajua kama hukukifinyanga jana?"

"Nileteeni shoka."

Watu wakashtuka. Katika nchi ile, mwenye kutiliwa shaka aliapa akiwa ameshika shoka lililotoka motoni. Akilitupa kabla ya kumaliza kiapo, ni mwongo. Nyamawi akamshika wifi yake bega. "Mbeyu, mkono huo ndio unaokulisha."

"Chungu hiki ndicho kitu cha mwisho alichokishika mume wangu. Nikinyamaza, amekufa bure."

Akalishika shoka. Akaapa kiapo chote, neno kwa neno, na harufu ya nyama ikawafikia waliosimama nyuma. Alipoliweka chini, kiganja hakikuwa tena kiganja.

Mwinyipembe akawatazama watu. Mashahidi walikuwa wengi, asingeweza kukana. Akasema, "Ardhi ni yenu. Lakini mji usio na jina hauna wenyewe, na jina la kale limepotea. Upeni jina la mtu mmoja tu. Mtu huyo na uzao wake watalinda lango na kula sehemu ya kwanza ya mavuno, kizazi hata kizazi. Mjumbe wangu atangoja mpaka jua litue. Akirudi bila jina, nitajua mji hauna mwenyewe, na neno langu la kuwapa ardhi litakuwa limetanguka."

Gohu akawakusanya watu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Uitwe Chengo," Nyamawi alisema huku akilia. "Kaka yangu hakuacha mtoto. Asipoachiwa jina, atakuwa amekufa mara mbili."

Mbeyu akatikisa kichwa. "Wifi, maiti haoni njaa. Uitwe Nyamawi. Wanao hawana maziwa, na bila macho yako tungechimba nyika hii mpaka tufe."

"Na wewe?" mwanamke mmoja akadakia. "Mjane, huna mtoto, huna mkono. Nani atakulisha? Bila kiapo chako, kuta hizi zingekuwa za wageni. Uitwe Mbeyu!"

"Aliyetoa roho ndiye aliyetoa zaidi!" wengine wakapiga kelele.

"Aliyekufa amepumzika! Walio hai ndio wanaoumia!"

Sauti zikapanda, watu wakaanza kusukumana. Mjumbe akasimama, akafunga mikanda ya viatu vyake. Gohu akamgeukia Nyamawi: "Wewe ni dada wa marehemu na wifi wa mjane. Useme wewe. Tukibishana zaidi, tumekwisha."

Nyamawi aliutazama mwili wa kaka yake uliofunikwa kwa majani. Akautazama mkono wa Mbeyu. Akawasikia wanawe wakilia. Jua lilikuwa limegusa nchi. Akafungua kinywa.

Mimi naishia hapo, kwa maana waliosimulia kabla yangu hawakukubaliana alisema nini. Basi nawauliza ninyi mnaonisikiliza: mjumbe anaondoka, na Kirembwe yote imewakodolea macho. Je, mngempa jina la nani?