Tabibu Ghalibu Ndani ya Moyo wa Binti Sultani

Mji wa Sarmadi, wenye minara ya shaba na visima vya maji matamu, ulitawaliwa zamani na Sultani Mundhiri bin Hamadi, na hapakuwa na mfalme aliyependa heshima kumshinda. Ada yake kubwa ilikuwa hii, kwamba anayetoka mbele yake asimpe mgongo, bali arudi kinyumenyume hali ameinamisha kichwa hadi avuke kizingiti. Waziri alirudi hivyo, na kadhi alirudi hivyo, na mpishi na sinia lake alirudi hivyo, na wote walizoea tangu utotoni hata miguu yao ikawa inarudi yenyewe bila kuamriwa.

Basi asubuhi moja Thureya, binti wa pekee wa Sultani, alitoka kumwamkia baba yake, naye akarudi kinyumenyume kama watu wote, na kisigino kikakosa ngazi, na akaporomoka ngazi za marumaru mpaka chini na kuvunjika mguu. Mguu ukafungwa mbao, na binti akalazwa asijongee, na kwa kulala huko bila kutembea mguu ukavimba, ukawa wa moto. Hapo akaitwa Ghalibu, tabibu wa jumba, na alipoubonyeza tu ule mguu rangi ikamtoka usoni.

"Maulana," alisema, "damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Donge likikatika litapanda mpaka moyoni, na moyo utalisukuma kwenye mapafu, na huko litaziba njia, na Binti Sultani hatavuta pumzi tena."

"Litoe."

"Halifikiki kwa mkono wa mtu, Maulana."

"Sikiliza, Ghalibu. Mwanangu akifa, nawe utamfuata kabla maji ya kumwosha hayajapata moto."

Ghalibu, tuseme kweli, aliiogopa sana shingo yake. Lakini kumpoteza Thureya aliogopa zaidi, maana alimpenda kwa siri na kwa muda mrefu, na penzi la siri halina hata mtu wa kulilalamikia. Akaomba watu watoke chumbani, akaisugua pete aliyoachiwa na mama yake, ambayo jini wake humtumikia kila mwenye kuivaa mara moja tu. Chumba kikanuka chuma cha moto, na jini Barkani akasimama, kichwa kikigusa dari.

"Labeka, bwana wangu wa mara moja."

"Liondoe donge lililo mguuni mwa huyu."

"Siwezi. Jini akiingia katika damu ya mwanadamu, damu huchemka. Nitakufanya mdogo kuliko vumbi, uingie mwenyewe na kisu chako. Kutoka ni kwa ncha ya kidole gumba cha mkono wa kushoto, nitakapochoma sindano. Ukipakosa hapo, damu itakurudisha moyoni uanze upya, kwa sababu damu inazunguka tu, haina kituo."

"Na nikichelewa?"

Barkani akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. "Muadhini akimaliza adhana ya adhuhuri utarudi kimo chako, popote ulipo. Ukiwa ndani ya moyo wake, bwana, utakuwa mtu mzima ndani ya moyo wake."

Ghalibu akasoma Fatiha, na jini akampuliza, na akaingia kwa mchubuko wa kifundo cha mguu. Humo mlikuwa giza, na damu nyeusi nyeusi ikipanda polepole, na nyuma yake vijilango vya ngozi vikijifunga ili ile iliyokwisha kupanda isirudi chini. Kwa nuru ya pete akaliona donge, kubwa kama nyumba, limeshika ukuta na mkia wake unapepea. Akalichoma kisu. Likang'oka zima, likaenda zake! Ghalibu akalirukia, akaling'ang'ania huku akipiga kelele, na hakuna aliyemsikia.

Mto ukapanuka, na mito ya tumbo na kiuno ikaingia, na mbele kukasikika ngurumo, du-dum, du-dum, mpaka meno yakamgongana. Akatupwa katika chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, na mlango ukafunguka chini yake, akaanguka katika chumba kikubwa zaidi, kuta zake nyekundu zikitanuka mbele yake kwa enzi ambayo hakuna sultani aliyepata kuwa nayo. Na hapo, kwa hofu, Ghalibu akasahau alipo. Akaliachia donge, akainamisha kichwa, na miguu yake ikaanza kurudi kinyumenyume kuuelekea mlango alioingilia.

Mlango ukajifunga kwa kishindo na kuubana upindo wa kanzu yake, na kuta zikamjia kutoka pande zote, na donge likasukumwa nje kuelekea mapafuni bila yeye. "Thureya, nimekuua," alisema, akalia. Kisha akaikata kanzu, akageuka, akajitupa mbele, kwa maana katika nyumba ile hakuna njia nyingine.

Mapafuni njia ziligawanyika, zikagawanyika tena, na penye panda moja donge lilikuwa limekwama, na damu imejazana nyuma yake, na moyo unapiga ovyo. Ghalibu akalikata kama mwendawazimu, vipande mpaka chembe, na damu ikapita. Akachukuliwa kwenye vijishipa vyembamba hata akapita kiubavu, na ukuta wake ulikuwa kama ngozi ya kitunguu, na ng'ambo yake upepo ulivuma. Thureya alikuwa anavuta pumzi! Damu ikauchukua upepo ule, na weusi ukaitoka ikawa nyekundu kabisa.

Na sauti ya muadhini ikaanza, ikipenya nyama na mifupa.

Akarudi moyoni, safari hii upande wa kushoto, wenye kuta nene kuliko zote, na hakuinama wala hakutazama nyuma. Moyo ukamrusha katika mshipa mkuu, uendao kichwani na tumboni na mikononi, akang'ang'ania ukuta kwa kucha mpaka mlango wa mkono wa kushoto, akajiachia. Njia ikasonga, ikasonga, adhana ikakaribia mwisho wake, na sindano haionekani. "Barkani!" Ndipo chuma kinene kama mnara kikapasua dari, na akatoka na tone la damu, akaangukia zulia akiwa mtu mzima, amelowa damu utosini hadi nyayo.

Sultani aliingia akamwona hivyo, akachomoa upanga.

"Baba, mwache," alisema Thureya, na sauti yake ilikuwa dhaifu. "Kifua changu kimefunguka."

Upanga ukaanguka. Ghalibu akaozwa Thureya, akapewa jumba na bustani na nusu ya hazina, nao wakaishi kwa raha na watoto, na mwenye kupenda mafunzo na achukue hili, kwamba mfalme wa kweli anakaa kifuani mwako na hukumlipa kitu, basi usimdharau.

Lakini raha ya Ghalibu haikutimia kabisa. Kila alipolaza sikio kifuani pa mkewe alisikia milango ile ikijifunga, du-dum, kisha kimya kidogo, na katika kimya hicho alizuia pumzi yake mwenyewe, akingoja.